Mbuzi Isiyolia Mee

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa, hata wa nyuma wanaosinzia wanisikie!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla mimi sijaota meno wala sijayang'oa, kulikuwa na kijiji cha minazi. Minazi tele, lakini wali wa nazi ulikuwa adhabu. Nazi ilikunwa kwa gamba la chaza. Kwaru, kwaru, kidole! Kwaru, kwaru, kidole! Tui likatoka jekundu. Msicheke. Bibi zenu wamekula tabu.

Katika kijiji hicho alikuwapo mjane akiitwa Mashavu. Siku moja mbuzi wake akamlamba chumvi kiganjani. Ulimi mkavu, kwaru! Mashavu akawaza: ulimi huu ungekuwa wa chuma, je, nazi ingesema nini? Akachonga kibao cha kukalia, mbele akakitia ulimi wa chuma wenye meno. Akakiita mbuzi. Kwaru, kwaru, kwaru, nazi ikamiminika kama unga! Wanawake wakaja mbio. Mashavu akawachongea, nao wakampa mtama, wakampa samaki, na wanawe wakalala wameshiba.

Alikuwapo pia seremala, jina lake Vuai, mtu wa maneno mengi na kazi chache. Kijicho kikamkaa rohoni. Akaenda kwa Bi Mize, bibi mkongwe aliyekata mashauri ya kijiji huku mikono yake ikisuka ukili. Mungu amrehemu, hadi leo hajatokea mfano wake.

"Shikamoo, bibi. Mashavu ameniibia mbuzi."

"Marahaba. Mbuzi wako au mbuzi yako?"

"Wangu. Yaani, yangu! Ile ya nazi. Nimeibuni mimi. Nataka asichonge tena, wala asichonge mtu yeyote ila mimi."

Lo! Njia nzima alikuwa akipiga kelele kwamba kaibiwa mbuzi, na nusu ya kijiji imeshaingia vichakani kumtafuta. Wakarudi na mbuzi watatu, wote wa watu.

Mashavu akaitwa. Akaja. Asipochonga, wanawe watakula nini?

Bi Mize akasema, "Kila mmoja anionyeshe mbuzi yake ya kwanza kabisa."

"Sinayo, bibi," akajibu Mashavu. "Niliitupa jaani. Ilikuwa mbaya."

"Mimi ninayo!" Vuai akadakia. Akaichukua kwake, akaibwaga mbele ya watu, kifua mbele.

Bi Mize akaitazama. "Ulipoichonga, ulikosea wapi?"

"Mimi? Sikukosea! Nilichonga mara moja tu, ikakaa."

"Basi nawe kaa, mwanangu. Utukunie."

Vuai akapandisha kikoi. Akainama. Mara Mashavu akapiga ukelele: "Kaka Vuai, usikae! Hiyo ndiyo ile yangu ya jaani, inang'ata! Ulimi wake unafyatuka, ulinichana paja, ndiyo maana nikaitupa. Zilizofuata zote nimezitia kabari!"

"Wivu huo," akasema Vuai. Akakaa.

Fyaa!

"Mamaaa!"

Kikoi kikabaki kwenye meno ya mbuzi. Mwenyewe akabaki na mikono miwili tu, asijue azibe mbele au nyuma. Watu wakacheka hadi wakagaragara. Bi Mize alicheka mpaka ukili ukamponyoka.

Kisha akajifuta machozi, akasema: "Shauri nilishalikata kabla hajakaa. Vuai alitaka kumnyang'anya mwenzake riziki. Naye Mashavu akasahau kesi yake, akaliogopea paja la Vuai. Mwenye kitu ndiye huyo, anayeogopa kisimuumize mwenziwe."

Mashavu akalia kwa furaha, hakuona haya.

"Kwa miaka mitatu," akaendelea Bi Mize, "anayetaka kuchonga mbuzi amwombe Mashavu ruhusa, na Mashavu asimfiche mtu kitu, hasa hiyo kabari. Baada ya hapo, achonge atakaye."

"Na mimi, bibi?" Vuai akauliza kutoka nyuma ya mlango alikojificha.

"Wewe uanze leo. Mashavu, mfundishe kutia kabari. Lakini kwanza mpeni kikoi."

Basi, wanangu, kubuni si kuwahi kupiga kelele. Kubuni ni kujua kitu chako kinang'ata wapi, na kumwambia hata adui yako.

Hadithi yangu nimeikuna yote. Ikiwa tamu, tui ni lenu. Ikiwa chapwa, machicha ni yangu.