Usingizi wa Mfinyanzi Nakijwa

Kimfukuzacho mwizi humwamsha na mwenye nyumba. Methali hii mmeisikia leo kwa wanawake wanaochota udongo, mkataka kujua imetoka wapi. Ilianza hivi, kulekule milimani Upare, kwa mfinyanzi aliyeitwa Nakijwa.

Mitungi ya Nakijwa watu waliifuata kutoka mabonde ya mbali. Lakini kuinama kutwa kulimletea maumivu ya shingo yaliyopanda hadi kichwani. Akaanza kununua vidonge dukani, akawa anameza kila jioni. Maumivu yalikuwa yakiondoka kama vumbi lililopanguswa, naye akastaajabu kwamba kitu kidogo kama punje ya mahindi kina nguvu kiasi kile.

Ila usingizi nao ukaondoka. Alilala macho makavu mpaka jogoo wawike. Mikono ikaanza kutetemeka, mitungi ikatoka imepinda, mingine ikapasuka motoni. Mtu asiyelala hutafuta wa kumlaumu. Nakijwa alimwona Naetwe, mke wa kaka yake, ambaye naye alikuwa mfinyanzi.

Wakiwa shimoni kwenye udongo, mbele ya wenzao wote, akamwambia, "Wifi, usingizi wangu umeuficha wapi?"

Wanawake waliacha kuchimba. Neno kama hilo, la kumwita mtu mchawi, liliwahi kumhamisha mtu kijijini pale, yeye na watoto wake.

Naetwe aliweka ndoo chini. "Wifi, twende zahanati sasa hivi. Chukua na vidonge vyako. Wasipoona sababu, nitahama mimi."

Walishika njia ya zahanati. Mganga wa zahanati, mama mmoja mpole, alimsikiliza Nakijwa, kisha akayasoma maandishi ya pakiti.

"Humu mna dawa ya maumivu," alisema, "na mna kafeini pia, ileile iliyomo kwenye kahawa. Huisaidia dawa kufanya kazi, lakini wengine huwanyima usingizi, hasa wakimeza jioni."

"Kwa hiyo dawa zote za maumivu ziko hivyo?" Nakijwa aliuliza.

"Hapana, mama. Nyingi hazina kafeini. Lakini hata hizo usizimeze kila siku bila kuuliza, maana kuzizoea nako huleta maumivu ya kichwa. Hivi viache. Hiyo shingo nitaipima."

Nakijwa alikiweka kidonge kimoja kiganjani, akakitazama kwa muda mrefu. Hakikuwa na harufu wala uzito. Ndani yake walikaa wawili, mmoja wa kutuliza na mmoja wa kuamsha, nao wote walikuwa wamefanya kazi yao kwa uaminifu.

"Wifi," alisema, "nimekukosea mbele za watu."

Naetwe naye alikuwa akikitazama kile kidonge. Akasema polepole, "Kelele za kumfukuza mwizi, wifi, mwenye nyumba atazilalia vipi?"

Siku chache baadaye wanawake walikwenda kwa Nakijwa na kuni za kuchomea mitungi. Jua lilikuwa limeshapanda. Walimkuta Naetwe amekaa mlangoni, kidole mdomoni kuwaashiria wasipige kelele. Ndani, Nakijwa alikuwa amelala, pumzi zikipanda na kushuka kama za mtoto mchanga. Hakuna aliyeangusha hata ukuni. Walisimama uani wakisikiliza pumzi zile, kama watu wanaosikiliza mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Yale maneno ya Naetwe yalipita mdomo hadi mdomo, yakafupika, yakawa haya mliyoyasikia leo: kimfukuzacho mwizi humwamsha na mwenye nyumba.