Bwawa la Mzee Kobelo

Mtu mmoja alikuwa na bwawa la kuogelea uani kwake. Jina lake Gervas Kobelo. Alikuwa fundi mashine kiwandani kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alijenga nyumba kwenye mteremko wa mlima, juu kidogo ya nyumba za wenzake, akachimba bwawa kwa sururu na koleo, yeye na vibarua wawili. Hakuweka vigae. Alisawazisha sakafu na kuta kwa mchanga na saruji, kisha akatandika juu yake plastiki nene ya buluu, pande moja kubwa lililotengenezwa kwa vipimo vya bwawa lake. Plastiki hiyo ndiyo iliyoshika maji. Kila Jumamosi watoto wa mtaani walikuja kujifunza kuogelea, naye aliwafundisha bure. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Mwaka wa tisa maji yalianza kupungua. Kwanza upana wa vidole viwili kwa siku, halafu vinne, halafu kiganja kizima. Kobelo alichora alama ukutani kwa chaki, na kila asubuhi alikuta maji yako chini yake. Alisema jua linayanywa. Akafungulia pampu ya kisima chake na kujaza. Kesho yake akajaza tena. Alikuwa akila, anainuka kwenda kutazama alama. Alikuwa akiongea na mgeni, macho yake yako uani. Mkewe, Eufemia, alimwambia, "Baba, si utoe maji yote uone kuna nini?" Naye alijibu kwamba watoto wangekosa mahali pa kuogelea. Lakini ukweli ni kwamba hakutaka majirani waone bwawa lake likiwa tupu, na nyufa na viraka vyote vikiwa wazi. Kwa hiyo alijaza maji miaka mitatu.

Sasa, chini ya nyumba yake, ng'ambo ya ukuta, aliishi mjane aliyeitwa Bi. Mwantumu, mshonaji wa sare za shule. Nyumba yake ilikuwa imejengwa na mkwe wake, Kondo, mume wa binti yake wa pekee, Zena. Kondo alikuwa mwashi, kijana mpole, asiye na maneno. Alimjengea mama mkwe wake kwa mikono yake, na saruji aliinunua Bi. Mwantumu mwenyewe, mfuko baada ya mfuko, kwa kushona. Nyumba ilisimama vizuri. Kisha ukuta wa nyuma ukapata ufa mwembamba kama uzi. Baada ya miezi ufa uliingia kidole. Sakafu ya chumba cha nyuma ikadidimia upande mmoja, na mlango ukakataa kufungika.

Watu walikuja kuutazama ule ufa, na kila aliyeutazama alikuwa na neno. Wakasema mchanga ulizidi. Wakasema mifuko mingine ya saruji ilitoka usiku ikaenda kuuzwa. Kobelo naye alishuka kutazama, akapapasa ufa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Mafundi wa siku hizi," alisema. Maneno manne tu, lakini yalitoka kwa mtu aliyekuwa fundi, na Bi. Mwantumu aliyashika kuliko ya wengine wote. Akamwita Kondo. Kondo akaapa kwamba hakugusa hata kijiko cha saruji ile. Mama mkwe hakumwamini, na barazani kwake, mbele za watu, alimwita mwizi. Tangu siku ile hakuna mtu katika mtaa ule aliyempa Kondo kazi. Alimchukua Zena na mtoto wao, wakahamia mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Zena hakuja tena kwa mama yake. Hakupiga hata simu ya sikukuu.

Ikafika siku ambayo plastiki ya bwawa ilichanika mahali pa kuonekana, na Kobelo hakuwa na la kusingizia tena. Akaagiza plastiki mpya. Waliomuuzia walimwambia atafute watu wenye ujuzi wa kuitandika. Akawaambia mikono yake haijafa. Alitoa maji kwa pampu, akaikata plastiki kuukuu vipande kwa kisu, akaikunja na kuitupa nje. Kisha akashuka na nyundo, akaanza kugonga sakafu hatua kwa hatua, akisikiliza.

Siku ya pili, kwenye kina kirefu, upande wa bondeni, sakafu ilijibu kama ngoma. Akagonga kwa nguvu zaidi, na saruji ikaporomoka. Chini yake palikuwa na uwazi. Aliingiza mkono hadi begani, hakugusa mwisho. Akaleta nondo ya mita tatu, nayo ikazama yote bila kugota, ikielekea chini, chini ya ukuta wa bwawa. Maji ya miaka mitatu yalikuwa yamejichongea njia. Kobelo akapanda ngazi, akasimama ukingoni, akaufuata kwa macho mwelekeo wa ile nondo. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma wa Bi. Mwantumu.

Cherehani ya jirani yake ilikuwa ikilia chini kule, inakwenda, inanyamaza, inakwenda. Kisha akashuka tena bwawani.

Eufemia alipouliza amekuta nini, alijibu, "Sakafu imebonyea kidogo." Akalijaza shimo mawe, akamwaga zege juu yake, akalisawazisha kwa mwiko mpaka hata yeye mwenyewe asingeweza kuonyesha lilipokuwa. Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Hakungoja zege likauke inavyotakiwa. Aliianika plastiki mpya juani ilainike, yeye na mkewe wakaiburuta hadi bwawani, wakaunasa ukingo wake kwenye reli ya aluminiamu iliyolizunguka bwawa. Akaifyonza hewa iliyobaki nyuma yake kwa mashine, akaingia peku, akaisukuma mikunjo kwa nyayo kutoka katikati kwenda pembeni, mmoja mmoja, mpaka sakafu ikawa laini kama shavu. Kisha akafungulia maji. Yakapanda, yakaibana plastiki kila kona, na bwawa likawa la buluu kama siku ya kwanza.

Kesho yake maji yalikuwa kwenye alama ya chaki. Keshokutwa pia. Wiki nzima hayakushuka hata upana wa ukucha. Majirani walikuja wakasema kazi ile haina kasoro, nayo kweli haikuwa na kasoro. Watoto wakarudi Jumamosi, wakapiga kelele zao.

Lakini Kobelo hakutulia. Kabla ya hapo alikwenda kutazama alama kwa sababu maji yalipungua. Sasa yalikuwa hayapungui, na bado alikwenda, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku. Aling'oa maua akayapanda upande mwingine. Alifungua pampu nzima akaifunga. Akianza kusikia cherehani, anaingia ndani. Ikinyamaza, anatoka nje kutazama kwa nini imenyamaza. Wiki sita zilipita hivyo.

Katika wiki ya saba Eufemia alimtuma kuchukua mapazia aliyopeleka kushonwa. Bi. Mwantumu alikuwa amehamishia cherehani barazani, kwa kuwa chumba cha nyuma hakikukalika tena. Alimkunjia mapazia vizuri, akayaweka kwenye mfuko. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Zena kajifungua, jirani. Mtoto wa kike. Nimeambiwa na mwenye duka." Akaingiza uzi kwenye sindano. Akakosa tundu, akajaribu tena.

Kobelo alirudi nyumbani na mfuko mkononi, akamkuta mkewe anachambua mchele. Akamwambia yote: shimo, nondo, zege. Eufemia aliuliza jambo moja tu. "Ulijua lini?"

"Siku ya pili baada ya kutoa maji."

Eufemia alihesabu wiki zilizopita, na uso wake ukabadilika. Akaweka ungo chini. "Basi usinieleze mimi," alisema.

Kobelo akatelemka tena kwa Bi. Mwantumu. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisema akiwa amesimama kwamba ufa ule haukutoka kwa Kondo. Ulitoka kwake, kwa maji ya bwawa lake, na alilijua hilo tangu alipobadilisha plastiki, akalifukia. Bi. Mwantumu akauliza kwa ukali, "Kondo ndiye kakutuma?" Kobelo akasema hapana. Lakini mama hakuweza kuamini. Angeamini vipi? Kama maneno yale yalikuwa kweli, basi yeye alikuwa amemfukuza mtoto wake mwenyewe bure. Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema:

"Nionyeshe."

Hapa Kobelo alijua jambo ambalo mama hakulijua. Plastiki ya bwawa ikishatandikwa na kubanwa na maji, hushika umbo la pale ilipo. Ukiyatoa maji, hurudi, hukaza na kuchanika kwenye kona, na haikubali tena kunyooshwa. Kumwonyesha shimo kulikuwa ni kuiharibu kazi yote. Angeweza kumwomba aamini neno lake. Lakini neno lake ndilo lililokuwa limempeleka mama yule mahali alipokuwa. Akapanda nyumbani, akawasha pampu.

Ilichukua siku mbili bwawa kuisha. Watu walisimama ukutani wakiuliza kama amerukwa na akili, nayo plastiki mpya ikaanza kujikunja, ikaachana na reli, ikapasuka kona mbili kwa mlio mkali. Kobelo akaikata kwa kisu kilekile, akavunja zege kwa nyundo kubwa, akatoa mawe moja moja. Bi. Mwantumu akashuka kwa ngazi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, akapiga magoti kwenye sakafu ya bwawa na kuingiza mkono wake shimoni. Halafu Kobelo akakoroga chokaa kwenye pipa la maji na kuyamimina humo, ndoo baada ya ndoo, mpaka ndoo ya kumi na tisa. Eufemia alikuwa amesimama kule chini, nyuma ya nyumba ya jirani. Baada ya muda sauti yake ilisikika ikiita. Walikwenda, wakakuta maji meupe yanatoka polepole kwenye msingi, chini kabisa ya ufa.

Bi. Mwantumu hakulia wala hakumtukana. Alisema, "Nilimwita mwizi mbele za watu." Kisha akamwambia Kobelo, "Nawe utasema mbele ya haohao."

Akasema. Walikusanyika barazani wale waliokuwapo siku ile, hata mwenye duka, na Kobelo akarudia mbele yao kila kitu, pamoja na yale maneno yake manne. Kisha akapanda basi, akamtafuta Kondo kwenye jengo alilokuwa akijenga, akamwambia na yeye. Kondo aliendelea kupanga matofali mpaka mstari ukaisha. Akapangusa mwiko. "Miaka miwili, mzee," alisema. Hakumkaribisha nyumbani.

Zena alikuja wiki ile ile na mtoto mchanga mikononi. Kondo alikuja baada ya mwezi. Alimwamkia mama mkwe wake akiwa mlangoni, akazunguka nyuma, akautazama ukuta, akasema msingi ule lazima uchimbwe upya. Siku ile hakula chakula cha nyumba ile, na Bi. Mwantumu hakumlazimisha. Walichimba msingi majuma matatu, Kondo akielekeza na Kobelo akibeba mawe, na watoto wa Jumamosi waliokuja na taulo zao waliambiwa warudi nyumbani. Hadi leo bwawa lile halina maji. Siku ya mwisho ya kazi Kondo alinawa mikono, akaketi mkekani na wenzake, akala, akaomba chumvi. Bi. Mwantumu akainuka mwenyewe kwenda kuileta.

Nanyi mlioketi hapa mkinisikiliza, nawauliza: ni nani mtaani kwako anayebeba lawama leo, ambayo chanzo chake unakijua wewe peke yako?