Feni Iliponyamaza

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Na ninyi wa nyuma mlioanza kutazama saa, nimewaona, sitawachelewesha. Nataka niwaambie habari za bwana mmoja na gari lake.

Bwana huyu alikuwa na pikapu ndogo, kuukuu, ya kubeba maziwa. Kila asubuhi anapita kwenye nyumba za akina mama wafugaji, nyumba kumi na nane, anakusanya madumu, kisha anapanda nayo mlima mpaka kiwandani kabla jua halijawa kali. Pikapu ikilala siku moja, maziwa ya watu yanaharibika, na yeye mwenyewe hana kazi nyingine duniani. Wengine wana shamba, yeye alikuwa na ile injini basi.

Sasa mwenye gari hapa anajua, na asiye nalo nitamweleza. Mbele ya injini kuna rejeta, ambamo maji hupita yapoe, yarudi tena kuipoza injini. Nyuma ya rejeta kuna feni ya umeme. Feni hii haizunguki wakati wote, inangoja kuitwa. Na anayeiita ni kidude fulani kinachokaa ndani ya maji, hakizidi kidole gumba, wanakiita sensa. Kazi yake ni kuonja joto la maji. Maji yakipata moto kupita kiasi, sensa inapeleka habari, feni inaamka, vuuu, mpaka yapoe, kisha inatulia. Kwenye pikapu ile, sensa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikipandisha na kushusha mshale wa joto pale mbele ya dereva.

Basi, mwezi mmoja feni ikaanza kelele. Zamani ilikuwa inaamka mlimani tu. Sasa inaamka tambarare, inaamka amesimama anasalimiana na watu, hata gari akilizima yenyewe bado inavuma. Ikamkera sana yule bwana. Redio hasikii, na mlangoni kwa watu anazungumza kwa kupaza sauti utadhani anagombana.

Mkewe akamwambia, "Baba Tumpe, hiyo feni ina jambo. Ipeleke kwa fundi."

"Fundi? Nikimpelekea feni atataka kushusha injini. Nawajua mimi hao."

Semeni kweli, hamjawahi kujibu hivyo? Mtu anakutajia jambo lako kwa upendo, wewe unamgombeza fundi ambaye hata hajafungua mdomo.

Badala ya kwenda gereji akaanza kuliombea gari. Msicheke, kuombea gari si dhambi. Kila asubuhi anaweka mkono juu ya boneti, anaomba, anaondoka. Na Ijumaa ya wiki ya pili, feni ikanyamaza. Siku hiyo alikuwa na mzigo mdogo, akapanda mlima wote kimya. Akatazama mshale, umelala chini kabisa, kama wa gari lililowashwa sasa hivi. Jumamosi vilevile. Jamani, yule bwana alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Mwezi mzima alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu, na sasa imemtoka.

Jumapili, ulipofika wakati wa ushuhuda, akasimama. "Bwana asifiwe," akasema, wakaitikia. Akaeleza jinsi feni ilivyomsumbua, jinsi alivyoomba, na jinsi mshale ulivyoshuka. "Fundi hajagusa, mimi sijagusa, gari limepona." Kanisa zima likapiga makofi, kwaya ikaanzisha pambio, na mchungaji wake akalichukua neno lile akahubiri nalo nusu saa.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani mkewe akamuuliza taratibu, "Na maji uliangalia?"

"Mama Tumpe, tafadhali usinivunjie imani."

Jumatatu mzigo ulikuwa kamili. Katikati ya mlima gari likaanza kuishiwa nguvu. Akasikia harufu ya chuma kinachoungua. Akatazama mshale: uko chini. Akasikiliza feni: kimya. Basi akajipa moyo, akakanyaga mafuta zaidi. Hakufika mbali. Injini ikakamata, vyuma vikashikana, ikazima, na alipogeuza ufunguo haikuzunguka tena.

Trekta likamvuta mpaka gereji iliyo chini ya mlima. Fundi wa pale ni mama mtu mzima, mwenye ovaroli iliyofifia, si mtu wa maneno mengi. Madumu yalikuwa bado nyuma ya pikapu, juani, na yule bwana anajua kila dumu ni la mama yupi.

"Shikamoo mama. Ni feni hii," akasema. "Feni imekufa, imeniulia injini."

"Marahaba. Tuone."

Akachukua nyaya mbili, akaiunga feni moja kwa moja na betri. Ikazunguka kwa nguvu zake zote. "Feni nzima," akasema. Akachomoa fyuzi, akaiinua kwenye mwanga, waya wa ndani haujakatika. Akachomoa rilei, ile swichi ndogo inayoruhusu umeme uende kwenye feni, akaichomeka mahali pa ile ya honi, akabonyeza. Honi ikalia. "Nayo nzima," akasema, akavirudisha vyote mahali pake.

"Basi ni sensa," yule bwana akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

Mama akaifungua sensa ikiwa bado kwenye nyaya zake, akaletewa sufuria ya maji yanayochemka, akaitumbukiza. Haikupita dakika, mshale ukapanda na feni ikaamka.

"Sasa mama, kama vyote ni vizima, kilichoharibika ni nini?"

Mama akafungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, akakitoa kikavu. Kisha akamwonyesha mpira wa maji wa chini, una ufa mwembamba ambao huwezi kuuona mpaka uuminye.

"Mwanangu, sensa haipimi injini. Inapima maji. Yalipokuwa yanapungua yakawa yanapata moto haraka, na yenyewe ikawa inaita feni kila saa. Yaliposhuka chini yake, ikabaki hewani, haina cha kuonja. Feni ilipokuwa inakusumbua, ulifanya nini?"

"Nilichukia."

"Na iliponyamaza?"

Yule bwana akakaa juu ya tairi lililokuwa pale chini. "Nilitoa ushuhuda," akasema.

Ndugu zangu, yule mama hakumcheka, na sisi tusimcheke. Nasi tungepiga makofi pamoja naye, au siyo? Niambieni, mara ngapi tumesikia mtu anasema, "Siku hizi nina amani, lile jambo halinisumbui tena," tukasema amina bila kumuuliza swali hata moja? Aliyepona hasikii joto. Na aliyekauka hasikii joto. Ukiwatazama kwa nje utawatofautishaje?

Nianze na mimi. Nilipoanza utumishi, nikipita mlango wa mgonjwa bila kuingia, ilikuwa inaniuma mpaka kesho yake. Siku hizi napita milango mitatu na ninakula chakula changu vizuri. Nilidhani nimekomaa.

Na wewe je? Mwaka ule ulipochukua lile shamba la urithi ukamwacha dada yako na watoto wake bila hata tuta moja, ulikuwa hulali. Ukiimba, unaona watu wanakutazama wewe. Ulichukia hali ile, ukaomba ikuondokee. Imeondoka. Sasa unampita sokoni kama unampita mtu wa kijiji kingine, na moyo wako uko kimya, nawe unaniambia mlangoni, "Mchungaji, mimi nimeshasamehe yote." Umesamehe nini? Aliyedhulumiwa ni yeye.

Nyumbani kwake unakujua. Ibada ikiisha usipitie kwako kubadili nguo, maana ukifika kwako utapata kazi ya kufanya. Nenda hivyohivyo. Na kama ukiwa njiani kifua kitaanza kukuwaka moto, miguu ikawa mizito, ukatamani kugeuka, usigeuke. Mshukuru Mungu hapohapo barabarani. Maji bado yamo.