Picha Mbichi za Bwana Sadala

Bwana Sadala, mwenye nyumba, aliingia studio kwa Mishi mpiga picha akifoka.

"Picha za harusi yangu umezisafisha. Nataka zile mbichi ambazo hujazirembesha, la sivyo hama fremu yangu hii ya biashara leo hii!"

"Mbichi hatutoi, mzee wangu. Zinaumbua watu."

"Watu gani? Mimi mzuri tangu utotoni!"

"Basi rudi alasiri."

Aliporudi, Mishi alimfungulia moja kwenye kompyuta. Bwana Sadala aliiona kofia yake ya harusi, ile aliyoazima hapo hapo studio, na chini yake ndevu zilizochongoka na macho ya manjano. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Na hayo majani mdomoni?"

"Ulikuwa unakula mchicha."

"Kweli, niliula sana," alinong'ona. "Zifute zote, mwanangu. Mke wangu asizione!"

Alipoondoka tu, Mishi alikimbilia uani kumvua beberu wa jirani ile kofia kabla hajaitafuna.