Mlio wa Kulala

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, bonde zima lilisikiliza ngoma moja. Mpigaji wake alikuwa Kiboko. Ngoma hiyo ilikuwa na lugha yake: "di" ilimaanisha njooni, na "du-du" ilimaanisha kimbieni. Basi. Kiboko aliipenda kwa sababu yote ilimwenea kichwani.

Siku moja Chui akaitisha kikao. Huyu alikuwa amehamia bondeni hivi karibuni, akiapa kwamba siku hizi anakula samaki tu. Alisema lugha ya ngoma ina upungufu, maana hatari ikija wanyama hukimbia ovyo na watoto hukanyagwa. Akataka uongezwe mlio mpya, "di-du". Ukisikika, kila mmoja alale palepale alipo, afumbe macho, asiinuke mpaka ngoma imruhusu. Atakayeinuka kabla ya ruhusa, ahame bonde.

Ubishi ukaanza. Nyani alisema hayo ndiyo maendeleo. Twiga alisema masikio yake yako mbali na ardhi, milio ikizidi ataichanganya. Nyati aliuliza kama aliye mtoni naye alale humohumo majini. Kiboko alimkubali kila aliyesema, na kila alipomkubali mmoja alimsahau aliyetangulia. Di-du ni njooni pamoja na nusu ya kimbieni. Sasa mtu aje au aende? Kichwa kikaanza kumgonga.

Jirani yake, Bi Pelele, mnyama wa miambani, mdogo wa kutosha kulala ndani ya alama ya kwato la Nyati, akamsogelea.

"Jirani, sote tukiwa tumelala macho tumefumba, Chui atakuwa anafanya nini?"

"Si naye atakuwa amelala?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka nimwone akilala."

Kiboko hakuelewa. Akazidi kutoelewa Pelele aliposimama na kuusifu mlio ule mbele ya kikao, kisha akaomba mwenye wazo aujaribu kwanza, watoto wapate mfano. Chui aliona wengi wameshalegea, akakubali huku akitabasamu.

Di-du! Chui akajilaza chini, akafumba macho. Wakamtazama. Ndipo Pelele akauliza kwa upole, "Jamani, mlio wa kumwinua ni upi?"

Hakuna aliyeufikiria. Ubishi ukaanza upya. Nyani alitaka "du-di", Twiga akasema huo na ule atautofautishaje, na Nyati akataka mambo yaahirishwe. Jua likapanda. Siafu wakaanza kupita juu ya mkia wa Chui.

"Kiboko," akasema Chui kwa meno yaliyobana, "piga mlio wa kuinuka."

"Upi, bwana?" Kiboko aliuliza kwa moyo safi. "Haujapitishwa."

"Wowote!"

Kiboko alifikiri mpaka jasho likamtoka. "Wowote siujui, bwana. Naijua 'di' na 'du-du', na hakuna hata mmoja unaosema inuka."

Tumbo la Chui likanguruma. Hapo Pelele akapita karibu na pua yake, polepole, kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Miguu ilitaka kukimbia, akaizuia. Pua ya Chui ikacheza. Jicho moja likafumbuka.

Paa! Chui akaruka. Pelele akachomoka, akajipenyeza kwenye ufa wa mwamba, na makucha yakakwaruza jiwe, krrr.

Kila mmoja alikuwa ameona aliyeinuka, na ameona alichoinukia. Nyati akainamisha pembe. Chui alitazama huku na huku, akaondoka bila kuaga.

Kiboko akainama kwenye ufa. "Jirani, nieleze vizuri. Mlio umepita au haujapita?"

"Umekataliwa, jirani," sauti ya Pelele ikajibu kutoka ndani.

"Afadhali," akasema Kiboko, akaenda zake mtoni.

Hadithi yangu imefika mwisho, wanangu, nanyi shikeni hili: ukipewa amri mpya, uliza kwanza inaishia wapi na inamfaa nani.