Kikapu cha Makinda

Kupotea njia ndiko kujua njia. Maana yake ni kwamba mtu aliyekosea, akakubali kurudi pale alipopotelea, huijua njia kuliko yule aliyeonyeshwa kwa kidole. Tuelewane hapo kwenye kurudi. Wapo wanaopotea wakazidi kwenda kifua mbele, na hao methali hii haiwahusu.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyetengeneza michezo ya simu. Jamaa zake walimwita Fundi, ingawa maishani mwake hakuwahi kushika nyundo. Shangazi yake, daktari wa wanyama, aliongoza kituo kidogo cha kuokoa wanyama wa porini nyuma ya soko. Kituo kilikuwa na vyumba vitatu vilivyojaa vizimba, nacho kilihitaji sana chumba cha nne.

"Shangazi, nitakutengenezea mchezo," Fundi aliahidi. "Watu wataununua, na kitakachopatikana chote ni cha kituo."

"Ahsante, mwanangu. Mimi simu naijua kwa kupokea tu. Lakini kabla hujaanza, njoo ukae nasi siku mbili tatu uone kazi yetu."

"Nitakuja, Shangazi."

Hakuja. Alitazama picha za makinda ya ndege, akaona zinatosha. Katika mchezo wake, mchezaji alitembea bustanini na kikapu. Kila kinda aliyeonekana chini aliokotwa, na kila aliyeokotwa alileta pointi kumi. Kikapu kikijaa, muziki ulipigwa. Shangazi aliruhusu jina la kituo litumike bila hata kuufungua mchezo wenyewe, na mwalimu wa shule ya jirani akaombwa awape wanafunzi wake waujaribu. Watoto waliupenda kupita kiasi.

Siku ya nne, mwalimu alifika kituoni akiwa na masanduku matatu ya viatu mikononi na tabasamu usoni.

"Daktari, tumewaletea! Darasa langu limeokoa makinda kumi na tisa, na bado wanatafuta!"

Shangazi alifunua kifuniko kimoja. Uso ukambadilika.

"Mmewatoa wapi hawa?"

"Chini ya miti, uwanjani kwetu. Walikuwa wameanguka, kama kwenye mchezo wenu."

"Hawakuanguka, mwalimu. Tazama, wameshaota manyoya. Wameshuka kujifunza kuruka, na mama zao walikuwa juu matawini wakiwalinda. Kila mmoja ametoka mti gani?"

Mwalimu alikagua masanduku yote matatu. Watoto walikuwa wamewachanganya, na hakuna aliyekumbuka.

Fundi alipopigiwa simu alikuja mbio na kandambili miguuni. Alitegemea kugombezwa, lakini shangazi hakupaza sauti, na hilo lilimuuma zaidi. Alimpa kibano na kibakuli cha minyoo.

"Kila nusu saa, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Anza na huyu."

Siku ile aliufuta mchezo kwenye simu zote. Kwa siku tisa alilisha makinda mpaka vidole vikamkakamaa. Kumi na wawili walinusurika. Saba walikufa mmoja mmoja, na alipomfukia wa saba nyuma ya kituo, Fundi alilia waziwazi. Aliona aibu, tena aibu ya haki.

"Mchezo umeshaufuta. Weka tangazo, yaishe," shangazi alimwambia.

"Tangazo atalisoma nani, Shangazi? Mchezo ndio uliowafundisha kuokota, na mchezo ndio utakaowafundisha kuacha. Msimu wa makinda umebakiza wiki tano. Tukikaa kimya, masanduku yatakuja kila siku."

"Na ukikosea tena?"

"Safari hii hakitoki kitu kabla hujakikagua. Na mimi hapa siondoki."

Fundi akajifunga kibwebwe. Alihamishia kompyuta yake kando ya vizimba, kibano mkono huu, kazi mkono ule. Ugumu ulikuwa mmoja: nani atacheza mchezo ambao mshindi ni aliyesimama tu bila kuokota? Kaka yake alijaribu toleo la kwanza, akapiga miayo.

"Dada, huu ni mchezo au foleni ya hospitali?"

Jibu alilipata uani. Asubuhi moja aliona kinda chini ya ukuta, na mama yake juu ya waya, mnyoo mdomoni. Mama hakushuka. Fundi alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Kwa mbali paka alitokeza kichwa. Fundi alipiga makofi, paka akatoweka, naye akaendelea kurudi nyuma huku moyo ukimdunda. Hatua ya thelathini, mama alishuka akamlisha mwanawe.

Moyo ule unaodunda ndio aliokuwa akiutafuta. Aliuingiza wote mchezoni: mama, mnyoo, paka, hatua thelathini. Kikapu alikibakiza, ila kilifunguka kwa kinda mwenye jeraha au aliyefiwa na mama tu. Ukimwokota mzima, muziki ulikatika, na mama alibaki akiruka tawi hadi tawi akimtafuta mwanawe.

Kaka yake alipojaribu tena, chai ilimpolea mezani.

"Vipi, kaka, foleni?"

"Nyamaza, anashuka!"

Shangazi naye alicheza, kwa kidole kimoja na miwani puani. "Mama wa kweli hukawia kuliko huyu," alisema. Fundi akaurefusha muda. Mara nne shangazi alikataa, na mara nne Fundi alirekebisha bila kunung'unika. Wiki tatu kabla ya msimu kwisha, mchezo ulitoka.

Siku ya sita mwalimu alionekana tena langoni, sanduku la viatu kwapani. Fundi alinyoosha mkono kuchukua kibano.

Mwalimu alifunua kifuniko. Sanduku lilikuwa tupu.

"Watoto wamenituma niwaletee. Wanasema wao hawalihitaji tena, labda ninyi," alisema. "Leo mapumziko darasa zima lilisimama ukutani kimya. Hata siku ya mtihani sijawahi kuwaona kimya vile. Walikuwa wanamngoja mama ashuke."

"Akashuka?" Fundi aliuliza.

"Akashuka."

Shangazi alimshika mpwa wake bega, akalibana. Chumba cha nne kilijengwa mwaka uliofuata kwa mapato ya mchezo ule. Ukutani humo, juu ya vizimba, Fundi alitundika lile sanduku tupu. Mgeni akimuuliza amejifunzia wapi mambo ya ndege, hulionyesha sanduku kwanza, kisha humpeleka nyuma ya kituo, kwenye vikaburi saba, akamwambia: kupotea njia ndiko kujua njia.