Ufunguo wa Maabara

Wapendwa, leo naomba mnivumilie, maana nitaingia sebuleni kwenu. Mmenikaribisha sana majumbani, na Mungu awabariki kwa chai na mihogo. Lakini macho hayana pazia. Nimeyaona makabati yenu. Nimeziona zile glasi zenye maua ya dhahabu, nyingine bado zina karatasi ya dukani kitakoni, na nikiuliza naambiwa, "Hizo ni za wageni, Mchungaji." Halafu mimi mgeni mwenyewe nanyweshwa chai kwenye kikombe cha bati. Sisemi kwa ubaya. Na msicheke sana, subirini kwanza.

Palikuwa na mzee mmoja, kijiji sitakitaja, ila kilikuwa cha mlimani kama hiki chetu. Mzee huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyojenga maabara ya shule ya sekondari. Na maabara ile haikushuka kutoka mbinguni. Kina mama walisomba mchanga mtoni kwa vichwa vyao, vijana wakafyatua tofali, na mzee mwenyewe alikata miti ya shambani kwake ipatikane mbao za paa. Jengo lilipokwisha, wahisani wakaleta vifaa: chupa za kioo za kila umbo, mirija myembamba ya kupimia, na hadubini ya kutazamia vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mzee alipoviona vikitolewa kwenye maboksi vinameta, machozi yalimtoka. Yeye aliishia darasa la nne. Kuhusu kioo alijua jambo moja tu, kwamba kinavunjika.

Basi akanunua kufuli. Ufunguo akautia kamba, akauvaa shingoni ndani ya shati. Mkuu wa shule alikuwa mgeni pale, akaona si adabu kugombana na wazee siku za mwanzo, na siku za mwanzo zikawa miaka. Kila Jumamosi mzee alikwenda mwenyewe, akafungua, akafuta kifaa kimoja kimoja kwa kitambaa laini, akavirudisha kabatini na kufunga. Wageni wakija kutoka wilayani, alifungua wakatazama. Wakasifu, naye akafunga.

Mzee huyo hakuwa mchoyo. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu mkimwona mchoyo mtajitoa kwenye mfano huu na kusema anayesemwa ni jirani. Alikuwa mtu mwenye mapenzi mengi. Na katika wote aliowapenda pale shuleni, hakuna aliyempita mwalimu wa sayansi.

Mwalimu yule alikuwa binti mdogo, ametoka chuoni moja kwa moja. Alifundisha kemia, akafundisha biolojia, na fizikia pia, kwa sababu hakuwepo mwingine. Mzee alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Maziwa ya ng'ombe wake, chupa ya kwanza ilikuwa ya mwalimu. Nyumba ya mwalimu ilipovuja, mzee alipanda juu ya bati na magoti yake mabovu, mke wake akiwa chini anamtukana kwa woga. Na siku ya mahafali kijiji kizima kilimvika mwalimu vitenge hata akaonekana macho tu.

Siku moja mwalimu akaenda nyumbani kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Baba, nimekuja kuomba ufunguo wa maabara. Kidato cha nne wana mtihani wa vitendo mwaka huu. Nimewachorea vifaa ubaoni mpaka mkono umechoka."

"Na unachora vizuri sana. Mjukuu wangu kaniambia."

"Kuchora si kushika, baba."

"Watashika siku ya mtihani," mzee akasema kwa upole. "Wakianza kushika leo, hiyo siku ya mtihani watakuta kitu?"

Mwalimu hakuinuka. Alikuwa na neno jingine, na hilo ndilo lililokuwa zito. Akainama, akalisema akitazama vidole vyake.

"Baba, nikwambie ukweli. Chuoni tulikuwa wengi na vifaa vichache. Mkufunzi alifanya majaribio mbele, sisi wa nyuma tukaona kisogo chake. Mle kabatini kuna vitu ambavyo hata mimi sijawahi kuvigusa. Sasa likizo hii kuna mafunzo ya walimu wa sayansi mjini, na mimi nimeitwa. Lakini kamati yenu imepanga nifundishe kambi ya likizo. Naomba mniachie niende, nikirudi nitawafundisha watoto kwa vifaa."

Mzee alimwonea huruma hadi akageuka kutazama kama kuna aliyesikia. Akashusha sauti.

"Hayo maneno usimwambie mtu mwingine, mwanangu. Watakudharau. Wewe ni mwalimu, umeshasoma. Unakwenda kufundishwa nini tena? Kaa hapa hapa tukutunze."

Akainuka, akakamata kuku wawili wazuri, akawafunga miguu, akamkabidhi. Mwalimu akashukuru kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Aliomba ufunguo na ruhusa ya kwenda kujifunza, akarudi kwake na kuku. Na kuku wale, wapendwa, walitolewa kwa moyo safi kabisa. Ni nani kati yetu angewakataa? Ni nani angesema, baba, hiki sicho nilichokuja kuomba?

Ikafika siku ya mtihani. Mzee alikuja na koti lake la ibada, akafungua maabara, vifaa vikapangwa mezani vikimeta. Kisha msimamizi akamwomba atoke, maana sheria ni sheria. Mwalimu naye hakuruhusiwa kukaa ndani. Wakasimama wawili hao nje, mbali kidogo, mahali ambapo dirisha lilionyesha meza ya tatu. Na kwenye meza ya tatu alikuwapo mjukuu wa mzee.

Binti huyo alilelewa na babu tangu mama yake alipofariki. Alitaka kuwa daktari, na babu alikuwa ameshakitangazia kijiji kizima. Tena hakuwa mtoto wa mikono milegevu. Alikamua ng'ombe mkali ambaye wanaume walimkwepa, akaepua sufuria za uji wa msibani bila kumwaga hata tone. Mzee akamwambia mwalimu, "Tazama sasa, yule hatatetemeka."

Wenzake wakaanza, polepole, wakichungulia meza za jirani. Yeye akasimama tu. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. Alisoma karatasi, akatazama ule mrija wa kupimia, akasoma tena. Baada ya muda mrefu akaunyanyua kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Mkono ukatetemeka, akaurudisha mrija mezani taratibu, na mikono ikarudi mgongoni.

"Mwalimu," mzee akauliza, "mbona hashiki?"

Mwalimu akageuza uso. Alikuwa analia, na hakutaka mzee ajue.

Muda ukaisha. Binti akatoka, karatasi yake ikiwa na nafasi nyeupe nyingi kuliko maandishi. Alipomwona babu yake uso umemshuka, akadhani anajua kinachomsumbua. Akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia ili kumpoza moyo:

"Usiwe na wasiwasi, babu. Sikuvunja kitu."

Mzee akatazama vile vidole vilivyoushika mkono wake.

"Siku ile uliyotuonyesha vifaa, ulituambia tukiingia mle mikono iwe nyuma," binti akasema. "Nimejitahidi."

Mzee akaingia ndani. Kila kifaa kilikuwa kizima. Chupa zilikuwa nzima, mirija ilikuwa mizima, hadubini haikuwa na mkwaruzo. Alikaa kwenye stuli ya wanafunzi na koti lake la ibada, na kwa mara ya kwanza tangu maabara ijengwe hakushika kitambaa. Mwalimu alipomfuata, alimkuta ameshavua ile kamba shingoni.

"Chukua," akasema. "Na yale mafunzo, yatakuwapo tena?"

"Likizo ijayo, baba."

"Utakwenda. Kambi tutaiahirisha. Na wakiuliza watu umekwenda wapi, nitawajibu mimi. Nitasema mwalimu wetu amekwenda kujifunza, na anayetaka kucheka aje acheke mbele yangu."

Mwalimu akaenda, akarudi, na maabara ikawa maabara. Lakini mtihani wa yule binti ulikuwa umeshapita, na hakuna ufunguo wa kuufungua tena.

Sasa wapendwa, nani alimkosea binti yule? Adui? Mchawi? Ni babu yake, aliyempenda kuliko roho yake. Na sisi je? Sisi tunawapenda walimu wetu, hilo silipingi. Tunawavika vitenge, tunawaimbia, wakifiwa tunalala nao msibani. Lakini mwalimu wa sayansi akituomba chombo cha kufundishia, tunampa kuku. Akisema anataka kwenda kujifunza zaidi, tunamwonea aibu ambayo yeye mwenyewe ameshaivuka. Fundi cherehani akienda kujifunza mshono mpya tunampelekea vitambaa vyetu vyote. Mimi mchungaji wenu nikienda semina mnaniruhusu, na nikichelewa kurudi sijasikia kama mlilia sana. Kwa nini mwalimu peke yake ndiye tunamtaka awe ameshamaliza kujua?

Chupa ikivunjika mikononi mwa mtoto anayejifunza, tutaifagia, tutaisikitikia, tutatafuta nyingine. Ni gharama, najua, na wengine hapa mgongo wenu bado unaukumbuka mchanga wa maabara yetu. Lakini mtoto aliyefika mlangoni pa ndoto yake na mikono mgongoni, huyo tutamfagia wapi?

Walimu wetu wa sayansi wapo hapa leo, nawaona kule upande wa kwaya. Naomba msimame, walimu wangu, msione haya. Na ninyi wengine nawaomba msiwapigie makofi, wamepigiwa ya kutosha. Tukitoka nje, kila mzee wa kanisa, kila mzazi, amfuate mmoja wao amuulize, "Mwalimu, unahitaji nini ili mwanangu ajue?" Ukishauliza, usimjibu. Nyamaza hapo hapo ulipo, mpaka amalize kusema.